Simu Yake, Ufunguo wa Watu: Yaliyomkuta Dalali Mmoja wa Uwemba

Kama hujawahi kuamka saa kumi na moja alfajiri Uwemba mwezi wa saba, basi baridi unaisikia tu kwa watu. Maji ya bomba yanauma vidole, na ukungu umekaa chini mpaka nyumba ya jirani huioni. Asubuhi ya namna hiyo, kijana mmoja wa huko, miaka 24, dalali wa viazi na parachichi, aliingiza mkono chini ya mto akavuta simu yake. Kioo kikawaka. Lakini badala ya meseji za usiku, kilileta maandishi makubwa: simu hii imefungwa, lipa deni lako ili uendelee kuitumia.

Akabonyeza tena. Yale yale. Akazima, akawasha. Yale yale.

Sasa elewa ilikuwa siku gani. Fuso la tajiri kutoka Makambako lilikuwa limelala Njombe mjini, likisubiri neno moja tu kutoka kwake: mzigo uko wapi na ni magunia mangapi. Magunia 70 yalikuwa yameshashonwa kwa wakulima watatu, na hakuna lumbesa hata moja, maana tajiri alishasema lumbesa hataki, barabarani zinamletea kesi. Namba ya tajiri ilikuwa ndani ya simu. Kichwani? Nani anakariri namba siku hizi. Kitu pekee ambacho simu ilimruhusu kufanya ni kuwapigia wanaomdai.

Deni lenyewe lililoifunga lilikuwa rejesho la siku mbili, shilingi 3,000. Hela ya chipsi kavu na soda.

Alivaa koti akakimbia mpaka kwenye kibanda cha dada yake, ambaye ni wakala wa miamala. Kibanda kilikuwa bado kimefungwa. Akasubiri anatetemeka, si kwa baridi peke yake. Dada akafika, hela ikatumwa, ujumbe wa malipo ukarudi. Simu ikaendelea kununa. Ilipofunguka ilikuwa saa tatu kasoro, na meseji za tajiri zikashuka kama mvua ya mawe. "Dogo uko wapi." "Dogo pokea simu." "Dogo gari linakula hela." Ya mwisho ilikuwa fupi: "Nimepakia Yakobi."

Kamisheni yake ilikuwa shilingi 1,000 kila gunia. Piga hesabu mwenyewe. Halafu ongeza wakulima watatu wenye magunia 70 yaliyoshonwa, ambao kuanzia siku ile wakikutana naye njiani walikuwa wanamsalimia kwa mkato.

Lakini kuna kitu kingine kilichomuuma ambacho hakumwambia tajiri wala wakulima. Baba yao alifariki mwaka juzi. Mzee hakupenda kuandika, alikuwa mtu wa voisi. Alikuwa anatuma voisi kama anahutubia mkutano wa kijiji: anaanza na "Kamwene", anataja siku, anaeleza hali ya hewa ya shambani, ndipo anaingia kwenye hoja. Zilikuwa 41, zote kwenye WhatsApp ya simu ile ile. Asubuhi ile, wakati simu imefungwa, kijana aligundua kwamba na mzee naye kafungiwa ndani. Kwa 3,000.

Dada yake, ambaye huwa hapotezi maneno, alimwambia: "Mdogo wangu, simu uliinunua wewe. Ufunguo wanao wao."

Hesabu ya mkopo

Usimcheke. Nusu ya vijana wanaomcheka wanatembea na simu kama ile mfukoni. Alitoa kianzio cha shilingi 60,000, halafu 1,500 kila siku kwa mwaka mzima. Ukisikia 1,500 unaona ni ndogo kuliko bando. Zidisha kwa siku 365 upate 547,500, weka na kianzio, unafika 607,500. Simu hiyo hiyo dukani Njombe, keshi mkononi, ilikuwa inauzwa 380,000. Sasa ile tofauti ndiyo bei ya kutokuwa na 380,000 kwa wakati mmoja. Ni bei ambayo watu wengi wanailipa kwa sababu bila simu janja biashara haiendi, na hakuna ubaya kukopa ukiwa unajua unachokopa. Yeye alijua anakopa simu. Hakujua kwamba ndani yake kuna mtu mwingine mwenye uwezo wa kuizima akiwa amekaa ofisini kwake.

Wiki ile ile akatokea jamaa wa mjini. Si unawajua wale, kila tatizo wana mchongo wake. Akamwambia: "Lete 30,000, nakutolea hiyo programu ya mkopo, nabadilisha na IMEI, hawakuoni tena mpaka Yesu anarudi." Kijana alitamani. Akawaza zile 1,500 za kila siku zikibaki mfukoni mwake.

Ila kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, kubadilisha IMEI ya simu ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, wala si kosa la kuombea msamaha kwa mjumbe. La pili lilikuwa zito kuliko sheria: kwenye fomu ya mkopo, sehemu ya mdhamini, kulikuwa na jina la dada yake. Simu ikipotea hewani, wadai wanaenda kibandani kwa dada. Akamjibu jamaa kwamba atafikiria, ambayo kwa lugha ya kistaarabu ni hapana.

Akauza viazi vyake mwenyewe alivyokuwa anavisubirisha bei ipande, akamaliza deni lote kwa mpigo. Ujumbe wa kumaliza deni akaupiga picha, akamtumia dada autunze. Programu ya mkopo ikaondoka. Hapo ndipo wengi wangeishia. Yeye akaanza kuuliza swali ambalo hakuwahi kuuliza dukani: hivi simu ninaweza kuinunua mpaka iwe yangu kweli?

Makufuli manne

Fundi mmoja wa simu pale Makambako, karibu na stendi, ndiye aliyemfungua macho. Kosta kutoka Njombe mpaka Makambako ni kilomita kama 60, kwa hiyo kijana alienda siku ya gulio akiwa na nia ya kununua simu iliyotumika. Kabla hajatoa hata senti, fundi akamwambia: "Mdogo wangu, watu wakija hapa wananiuliza kamera na GB. Hakuna anayeniuliza makufuli." Akamhesabia manne.

La kwanza analijua tayari: kufuli la mkopo. Simu ya mkopo ambayo haijalipwa ikiuzwa mtaani inakuwa bei poa sana, na inafanya kazi vizuri mpaka siku mwenye deni wa mwanzo anapoacha kulipa. Wewe uliyeinunua unabaki na kioo chenye maandishi. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani mara nyingi hakusaidii, kwa sababu programu yenyewe imekaa chini kabisa.

La pili ni kufuli la mtandao. Simu nyingi zinazotoka Marekani ziliuzwa huko na kampuni za simu kwa bei nafuu, kwa sharti la kutumia laini ya kampuni hiyo tu. Ikifika Makambako inawaka, inapiga picha, lakini ukiweka laini ya hapa inakukatalia. Dawa yake ni kwenda dukani na laini mbili za mitandao tofauti, uweke moja baada ya nyingine, na upige simu kweli. Usiridhike na kuona jina la mtandao juu ya kioo.

La tatu ni kufuli la akaunti. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kimabavu inadai akaunti ya Google ya mwenye nayo wa zamani. Hii iliwekwa kuwakomesha wezi, na ni jambo jema, ila inamkomesha na mnunuzi mzembe. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, muwashe upya, mpaka ufike kwenye ukurasa wa mwanzo bila kuulizwa akaunti ya mtu. Akianza kusema bando limeisha, we ondoka.

Na hapo hapo bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090 uone kama aina ya simu inayotajwa ndiyo uliyoishika. Waliokuwa wanamiliki simu Juni 2016 wanakumbuka TCRA ilivyozima simu feki nchi nzima. Kuna watu walilala na simu wakaamka na kioo cha kujitazamia.

La nne ndilo watu hawalijui. Linaitwa butiloda. Hii ni programu ndogo inayoamka kabla ya kila kitu unapowasha simu, na kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: inakagua mfumo unaotaka kuingia kama umetiwa sahihi na kiwanda. Haujatiwa, hauingii. Butiloda ikiwa imefungwa, simu itatumia mfumo wa kiwanda tu. Kiwanda kikichoka kuleta apdeti, umechoka na wewe. Kikijaza programu usizozitaka, utakaa nazo. Butiloda ikifunguka, unaweza kuweka mfumo mwingine, kwa sababu msingi wa Android, tangu simu ya kwanza ilipoingia sokoni mwaka 2008, ni kazi ya wazi ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuijenga upya. Ndipo ilipotoka mifumo kama LineageOS, ambayo ilianza mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufa, na ambayo imezipa simu nyingi za zamani maisha mengine.

Ila si kila simu inakubali. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Google Pixel iliyonunuliwa moja kwa moja kwa Google ina swichi ya kuruhusu ifunguliwe ndani ya setingi, lakini Pixel ile ile iliyouzwa na Verizon ya Marekani swichi hiyo imekufa, na kwa sura huwezi kuzitofautisha. Samsung nyingi za Marekani hazifunguki. Zile za kwingine ambazo zinafunguka, ukibadilisha mfumo kuna alama ya ndani inaungua na hairudi tena, na folda yake ya siri unaisahau. Xiaomi wanaruhusu, ila kwa zile za miaka ya nyuma lazima uombe kwa akaunti yako na usubiri, mara nyingi saa 168. Za karibuni wameongeza masharti.

Kijana akachagua Redmi Note 10 Pro ya mwaka 2021, iliyotumika, betri bado ina nguvu. Kulikuwa na nyingine pembeni, mpya zaidi, inang'aa, bei ile ile. Akaigeuzageuza mkononi kama mtu anayeaga. Akairudisha. Fundi alikuwa ameangalia kwenye orodha ya LineageOS: hiyo Redmi imo, ile inayong'aa haimo.

Saa 168

Alirudi Uwemba, akagonga namba ya toleo la mfumo mara saba mpaka menyu iliyojificha ikatokea, akafunga akaunti, akaomba ruhusa. Saa 168 zikaanza kuhesabu. Siku saba.

Siku saba ni nyingi kwa dalali. Akahamisha WhatsApp yote kutoka simu ya zamani, zile simu mbili zimelazwa mezani ubavu kwa ubavu. Simu ya zamani akaifuta vizuri, akamuuzia dereva wa bodaboda na risiti zake zote, akapata hela ya kufidia ile mpya. Maisha yakaendelea.

Siku ya nane akapanda Kosta ya asubuhi kwenda Makambako. Fundi akafungua kompyuta, akachomeka waya, mkono uko juu ya kitufe. Halafu akasimama na kuuliza swali moja:

"Kuna kitu humu usichotaka kipotee?"

Kijana akacheka. Picha zipo, si zitabaki? Fundi akatikisa kichwa. Butiloda ikifunguliwa, simu inafuta kila kitu. Ni kwa makusudi, ili mwizi asifungue simu yako akasoma mambo yako. Haiulizi hiki cha nani.

Simu ya zamani ilikuwa imeshafutwa. Bekapu ya Google hakuwahi kuiwasha, alikuwa anabania bando. Kwa hiyo zile voisi 41 zilikuwa zimebaki sehemu moja tu duniani, na sehemu hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye waya pale mezani.

"Chomoa," akasema.

Fundi akamwambia wanaweza kuzinakili kwenye kompyuta, dakika mbili tu. Kijana akaitazama ile kompyuta, imejaa muziki na filamu za watu. Akasema hapana, sauti ya mzee haiwezi kukaa humo. Akanunua memori kadi ya GB 32, akarudi na Kosta ya mchana, simu ikiwa bado imefungwa kama ilivyokuja.

Usiku ule wakakaa jikoni kwa dada, karibu na moto. Wakati baba yuko hai dada alikuwa anatumia kiswaswadu, kwa hiyo hakuwahi kuzisikia. Walizinakili moja moja kwenye kadi, na kila moja waliisikiliza mpaka mwisho kuhakikisha inacheza. Ya 17 mzee alikuwa anaongelea msimu. "Mwambie dada yako asiuze mbegu zote kama mwaka ule."

"Mwaka gani tena?" dada akaruka. "Huyu baba!" Akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanyamaza, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Irudie hiyo," akasema.

Wakairudia.

Ilipofika saa sita usiku walikuwa na nakala mbili: moja kwenye kadi, nyingine kwenye simu ya dada. Kama jamaa angefungua simu ile asubuhi, angekuwa huru kweli, na mikono mitupu.

Bei ya kuwa na ufunguo

Wiki iliyofuata ikafunguliwa. Kila inapowaka, juu kabisa ya kioo kunatokea kufuli dogo lililo wazi. Mfumo mpya ni mweupe, hauna matangazo, hauna programu za kulazimishwa. Menyu ameweka Kiswahili, na maandishi makubwa ili mama naye akiishika asome bila kuisogeza mbali na macho.

Lakini tusidanganyane, uhuru una gharama. Programu ya benki ilifunguka mara moja, ikagundua mfumo umebadilishwa, ikagoma. Kampuni nyingi za fedha zinafanya hivyo na zina sababu zao. Hela za simu anaendelea kutuma kwa menyu ya *150*00#, ambayo haijali mfumo na hata kwenye kitochi inafanya kazi, ila mambo ya benki anayafanya kwa simu ya dada. Apdeti sasa anazishughulikia mwenyewe, hakuna wa kumsukuma. Akikosea, simu inaweza kuwa tofali. Na butiloda iliyo wazi inampunguzia mwizi kazi, kwa hiyo simu haiachwi juu ya magunia kama zamani.

Kwa mtu ambaye biashara yake yote iko kwenye programu ya benki, pengine butiloda ni ya kuiacha ilivyo, na hakuna aibu. Yale makufuli matatu ya mwanzo ndiyo lazima uyajue kabla hujatoa hela. Hilo la nne unalichagua ukiwa unajua unachopata na unachoacha.

Tajiri wa Makambako alirudi msimu uliofuata. Alipiga saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu ikaita mara mbili tu ikapokelewa. Magunia 55 yakapakiwa Uwemba kabla ukungu haujainuka, na wakulima wale watatu siku hizi wanasimama kusalimia mpaka wanauliza habari za nyumbani.

Dada naye ameanza kuona ile menyu nyeupe na kuitamani. Juzi alimpelekea mdogo wake simu yake kibandani, akaiweka kaunta. "Na mimi nifungulie hii."

Kijana akaishika. Hakuuliza ni ya mwaka gani, wala ina GB ngapi.

"Dada, kuna kitu humu usichotaka kipotee?"